Nzuri, Ila

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Goti linauma tangu asubuhi. Nimefika ofisini saa moja na nusu, nikakuta barua pepe ya Pamela wa rasilimali watu, makao makuu Dar. Slaidi sitini na mbili! Zote Kiingereza. Keshokutwa nianze kuwafundisha masupavaiza wote sita jinsi ya kuwajengea watu wao moyo wa kazi. Siku mbili. Halafu kila supavaiza akae na kila mtu wake dakika kumi, amuulize maswali kumi, kila jibu alipe alama kuanzia moja mpaka tano. Wastani utumwe Dar.

Wamechagua wakati kweli. Malori ya mahindi yamepanga foleni mpaka barabarani, mashine zinasaga usiku na mchana, na hapa Songea afisa rasilimali watu ni mimi peke yangu. Likizo mimi, misiba mimi, ovaroli mimi, sabuni ya chooni mimi. Sasa na mioyo ya watu.

Nimebeba slaidi nyumbani Matogoro nizitafsiri. Nimefika ya tisa. Kichwa kimegoma, nalala.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya kwanza ya mafunzo, kwenye bwalo la chakula. Projekta imekubali baada ya nusu saa ya kubembelezwa. Picha ya kwanza: wazungu wanne wamevaa kofia ngumu, wanapigana viganja, wanacheka. Abasi wa usagaji akauliza wameshinda nini. Nikabonyeza slaidi inayofuata.

Slaidi ya kumi na nne: msifu mfanyakazi mbele ya wenzake. Careen, yule wa kusafisha mahindi, akakataa katakata. Akasema ukimsifu mtu mbele ya watu hapa umemtafutia maadui, kesho atakuta gambuti zake zimejaa pumba. Wote wakaitikia. Nikaruka slaidi ya kumi na tano na ya kumi na sita, zilikuwa hayo hayo.

Mzee Egidi alikaa nyuma, daftari mapajani, anaandika kila kitu. Ndiye supavaiza wa ufungashaji, ana miaka hamsini na minane. Aliingia kiwanda hiki akibeba viroba mgongoni. Hacheki hovyo. Watu wake thelathini na mmoja wanamwogopa kidogo, au ndivyo ninavyowaona. Siku nzima aliuliza swali moja tu. Haya watakayosema watu, yatakwenda wapi?

Nikasema yatakwenda Dar yakafanyiwe kazi.

Akauliza kama hayatamrudia mtu. Nikasema hapana. Nikasema nawapa neno langu! Slaidi ya arobaini na nane ndivyo ilivyoandikwa, na mimi nilikuwa nimechoka, nataka twende tukanywe togwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo maigizo. Abasi kawa supavaiza, Egidi kawa mfanyakazi. Abasi akauliza habari ya kazi. Egidi akajibu nzuri. Abasi akaandika tano, likaja la pili, nzuri, tano, mpaka kumi. Dakika mbili hazikufika. Watu wakapiga makofi.

Kisha wakabadilishana. Egidi akawa supavaiza, Careen mfanyakazi. Akauliza habari ya kazi. Careen akajibu nzuri. Egidi akanyamaza. Hakuandika. Anamwangalia tu, kalamu mkononi. Tukaanza kukohoa, mtu akavuta kiti. Nikataka kumwambia endelea, mzee. Ndipo Careen akasema: nzuri, ila. Na hapo igizo likaisha. Alisema habari ya vumbi la chumba cha kusafishia, barakoa moja kwa wiki, mtu wake mmoja anayekohoa hadi anatapika. Alisema kwa sauti ya chini, hakuwa anaigiza tena. Mwaka wa tatu nafanya naye kazi, sikuwahi kuyasikia.

Nikamuuliza mzee amejifunza wapi. Akaona swali langu la kitoto kidogo.

"Mama, hata ukienda kwenye msiba, mtu atakujibu nzuri kwanza. Ukiondoka hapohapo utasema kwao hakuna msiba. Lazima ungoje."

Nikawageukia wenzake nikasema, mmeona? Fanyeni kama mzee Egidi. Hayo ni maneno yangu mimi, kwa kinywa changu, mbele ya watu sita.

Jumatatu, 8 Septemba

Fomu zimeanza. Upepo, vumbi, macho yote mekundu. Misiba miwili. Goti.

Alhamisi, 11 Septemba

Abasi kaleta fomu arobaini asubuhi, za siku tatu. Zote tano tupu, wino mmoja. Nikamuuliza, kweli uliwauliza? Akasema aliwauliza wote kwenye kikao cha kuanza zamu, wakajibu nzuri kwa pamoja, kama darasani. "Unataka niwalazimishe kulalamika, dada Lidwina?"

Nilipaswa kumrudishia. Sikumrudishia. Nimegonga muhuri, nikaziweka kwenye faili. Masupavaiza wengine wanne nao wameleta, hadithi ni ileile, hakuna chini ya nne na nusu. Hata Careen! Yeye na vumbi lake lote kaandika tano kwenye vifaa vya kazi. Nikamuuliza mbona, na vumbi ulilisema mbele yetu. Akasema pale tulikuwa wenyewe, hii karatasi inapanda basi kwenda kwa watu asiowajua.

Egidi kafika kumi na wawili tu. Anakaa nao mmoja mmoja juu ya viroba baada ya zamu. Meneja wa kiwanda, bwana Leodegari, kalalamika kwamba yule mzee anachelewesha kufunga geti. Nimemtetea. Nimesema tumpe hadi Jumamosi.

Jumamosi, 13 Septemba

Fomu za Egidi zimekamilika. Nimezisoma zote thelathini na moja, hata soko sikwenda.

Nafasi ya maoni haikumtosha. Kageuza karatasi, kaandika nyuma, mwandiko wa shule ya misheni, ulionyooka. Kila mtu maneno yake. Noela ananyonyesha na hana pa kukamulia maziwa, anakwenda chooni. Saimon anatumwa kubeba wakati mkataba wake ni wa kupima. Hakukoleza, hakupunguza. Alama ni walizotaja wenyewe, mbili, moja, mbili.

Na mashine ya kushona mifuko. Ishirini na wawili wameitaja. Kifuniko kinachokinga mkanda kilitoka Juni, kimefungwa kwa waya. Anayeshona ni Walburga, mama wa watoto wanne, mkimya mno. Kwenye fomu yake imeandikwa: Nzuri, ila mwezi wa saba mkanda ulishika mkono wa ovaroli, nilikuwa na mkasi mfukoni nikaukata. Sikusema kwa sababu ovaroli ni ya kampuni.

Nimesoma mstari huo mara tatu. Niliona hiyo ovaroli! Aliileta Julai ikiwa na mkono mmoja, akasema panya. Nikampa nyingine nikamsainisha.

Kitu kimoja zaidi. Swali la saba: msimamizi wangu ananisikiliza. Thelathini na mmoja wote wamempa tano. Si tano za Abasi. Ukiwa na mbili, moja, mbili, mbili, kisha katikati ikakaa tano, unajua mtu alifikiri.

Nilidhani wanamwogopa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeituma ripoti yote Dar saa nne. Saa tano nikashuka kwenye laini ya ufungashaji. Waya wenyewe ni ule wa kufungia uzio. Walburga anashona huku kiwiko kakibana ubavuni, kakibana hivyo miezi mitatu, ameshazoea mpaka bega limepinda. Nilimsalimia. Akasema nzuri, shikamoo.

Nikaenda kwa Leodegari. Kasema kifuniko kilishaombwa, kinasubiri idhini, na tukiizima ile mashine leo malori hayatoki. Hakunifukuza. Alinipa hata kiti. Nilitoka sina kitu.

Jumatano, 17 Septemba

Simu ya Pamela, saa tatu. Kachangamka. Songea mmefanya vizuri sana, tawi la pili nchi nzima! Isipokuwa laini moja imetoka nyekundu. Ufungashaji, mbili nukta tatu. Wakurugenzi wameona. Utaratibu ni kwamba supavaiza aliye chini ya tatu anaondolewa kwenye usimamizi, na barua niiandae mimi.

Nilisimama. Nilikuwa nimekaa, nikasimama. Nikamwambia huyo ndiye pekee aliyefanya mlichotuma. Nikamwambia nimewapa neno langu kwamba hayatamrudia mtu. Akasema anaelewa. Nikamwambia angalia swali la saba. Akaliangalia, nilisikia anabofya. Akasema kweli inapendeza, ila mfumo unachukua wastani tu, na wastani ndiyo wastani. Nikasema basi tuzungumzie mashine. Akasema ya mashine nipeleke kwa watu wa ufundi, yeye ni mtu wa watu.

Kisha akashusha sauti, akawa dada yangu ghafla. "Lidwina, kama fomu zilijazwa kimakosa, zinaweza kurudiwa. Mpaka Ijumaa saa nane mchana. Sijasema zaidi ya hapo."

Mzee arudi kuwa mpakiaji, chini ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Miaka miwili kabla ya kustaafu. Kwa sababu mimi nilimwambia sikiliza na yeye akasikiliza. Naona aibu, sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwita Egidi ofisini baada ya chai. Shikamoo, marahaba. Nimemweleza yote, sikuficha hata neno la Pamela. Alikuwa kashika kofia, anaizungusha.

Nikamwambia tunaweza kurudia fomu. Nikamwambia kwa upole, baba, hata wenzako wameandika tano. Nani atakuuliza?

Akauliza kama waliosema wameitwa waongo. Nikasema hapana. Akauliza basi kilichokosewa ni kipi. Nikasema hakuna.

"Uliniambia niandike wanachosema. Yule mama alikaa siku mbili akisema nzuri, ya tatu ndiyo akataja mkono wake. Nikimwendea leo nimwambie futa, hatanifungulia tena. Wala mimi wala wewe."

Nikasema watakurudisha kubeba. Akasema kubeba anakujua. Alicheka kidogo, mara ya kwanza namwona anacheka, halafu akakaa kimya kirefu na mimi nikakumbuka kungoja. Akasema mke wake hajui bado. Akasema hilo ndilo linamsumbua, atamwambiaje kwamba ameshushwa wakati hakuiba wala hakulewa. Watu wa jumuiya watauliza. Huko kanisani yeye ndiye mweka hazina.

Alipotoka niliandika sentensi ya kwanza ya barua. "Tunasikitika." Nimeifuta. Nimeiandika tena.

Nafikiri Abasi alikuwa dirishani. Sina hakika.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa saba na nusu mchana. Naandika hapahapa ofisini.

Kengele ya chakula ililia saa sita na nusu. Nikainua kichwa nikakuta mlango umejaa watu. Laini yote ya ufungashaji, wamepanga foleni mpaka kwenye tangi la maji, ugali wameuacha bwaloni. Mbele Walburga, unga kwenye kope. Nikauliza kuna nini. Akasema wamekuja kurudia fomu.

Abasi kawaambia. Nilitaka kumkasirikia, nimeshindwa. Egidi hayupo, yuko mzani na dereva wa lori. Hajui. Walingoja atoke.

Nikamwambia Walburga akae. Nikachukua fomu safi. Swali la kwanza, tano. La pili, tano. Likaja la vifaa vya kazi. Nikaweka kalamu chini. Nikamwangalia, nikangoja, kama anavyongoja mzee. Nilingoja sana. Feni inazunguka.

"Tano, dada."

Nikasema, na mkono wa ovaroli?

"Mashine nimeshaizoea. Msimamizi mpya ndiye sitamzoea. Andika."

Nikaandika. Akaweka sahihi, akainuka, akaingia Noela. Tano kila mahali, hata kwenye faragha ya kina mama. Saimon, tano. Thelathini na mmoja, dakika arobaini na tano, hakuna hata mmoja aliyesema ila. Mmoja aliniambia nisihangaike kumsomea maswali. Alipotoka wa mwisho nikafunga mlango nikalia, si sana.

Miaka kumi na moja kazi hii. Sijawahi kuona watu wanampenda msimamizi hivi, na wametoka kunionyesha kwa kudanganya.

Sasa marundo mawili mezani. La kushoto la Egidi, karatasi zimechoka kwa kushikwa, zimeandikwa pande zote. La kulia safi. Nikituma la kulia, mzee anabaki, na mahali pekee mashine ile ilipoandikwa panafutika. Na sahihi chini ni yangu, mimi niliyesoma juu ya mkasi. Nisipotuma, mzee anashushwa Jumatatu, na mashine ni ileile, maana Pamela ni mtu wa watu. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu tangu juzi. Nimempigia mkaguzi wa usalama kazini mara nne, simu inaita tu. Leodegari yuko Namtumbo kununua mahindi.

Nimechoka kuwa mimi ndiye wa mwisho kushika karatasi.

Saa nane kasoro dakika ishirini.

Egidi kaingia. Hakubisha hodi, jambo ambalo si lake. Kauliza nani aliwaita watu wake ofisini wakati wa chakula, kawakuta wanarudi laini hawajala. Nikasema walikuja wenyewe. Kabla sijafunika meza macho yake yalishafika. Kachukua fomu ya juu, ya Walburga. Kaisoma yote, kaigeuza, nyuma hakuna kitu. Kachukua ya Noela. Kachukua ya tatu.

Kavuta kiti, kakaa. Nimevuta daftari hili nikijifanya naandika ya ofisini, maana sijui pa kuweka macho.

Kasoro kumi na tano. Mashine ya kushona imewashwa kule chini, inasikika hadi hapa. Kageuza kichwa kuisikiliza. Nimemwambia baba, niambie nifanye nini, nami nitafanya. Sijui kama anawaza mke wake au mkono wa yule mama, na siwezi kumuuliza tena.

Kasoro kumi na mbili. Bado nangoja.

Amevaa kofia. Ameinuka. Ananyoosha mkono mezani achukue rundo moja, lipi sioni, kiwiko chake kimeziba.